Maji ya jaruba hayachemki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Ninaotaka wanisikie ni walimu wa darasa la tatu, watunzi wa majaribio yao, na wazazi wenye watoto wa umri huo.

Wiki mbili zilizopita mjukuu wangu, mwenye miaka tisa, alirudi kutoka shule kimya. Aliniamkia kwa sauti ya chini, akatua begi, akaenda kukaa uani nyuma ya jiko. Nilipombembeleza sana ndipo akatoa karatasi ya jaribio la sayansi. Swali la saba lilikuwa la kujaza nafasi: "Maji hugeuka kuwa mvuke ........" Yeye aliandika "yanapoanikwa". Mwalimu amemtia kosa kwa wino mwekundu na kumwandikia jibu pembeni: "yanapochemka".

"Bibi," akaniuliza, "mbona maji ya Nunge hayachemki na yanaisha?"

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilianza kazi mwaka 1983 na kuiacha mwaka 2019, na miaka mingi kati ya hiyo niliitumia katika madarasa ya chini, hapahapa Bagamoyo. Lakini kabla ya ualimu nilikuwa mtoto wa mama aliyevuna chumvi. Wakati wa likizo alinichukua alfajiri kwenda naye kwenye majaruba ya Nunge, yale mabwawa ya kina kifupi ya kuvunia chumvi, nikimbebea kata na kiporo. Kwa hiyo swali la mjukuu wangu lilinigusa mahali pawili, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kwa wasomaji wasiowahi kuona jaruba la chumvi, kazi yenyewe iko hivi. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, maji huingizwa kwenye bwawa la kwanza na kufungiwa humo. Kutoka hapo husogezwa jaruba kwa jaruba, na kila yanapofika yamekolea zaidi. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, na zote zimeyeyuka, huzioni. Ili chumvi ianze kushika chini kwa punje, maji hayo hayana budi kupungua mpaka ibaki karibu sehemu moja ya kumi. Sehemu tisa zimeondoka. Hakuna ukuni uliowashwa, hakuna povu lililoruka, wala hakuna aliyeona kitu kikipaa. Kazi yote imefanywa na jua na upepo wa kusi.

Mama hakukaa darasani hata siku moja. Alikuwa akichovya kidole na kuonja, akitazama maji yalivyoanza kupiga wekundu, kisha anasema, "Kesho kutwa." Na kweli siku hiyo ikifika, chumvi imeshika. Alijua kwamba jaruba likijazwa kina kirefu linachelewa. Alijua kwamba siku yenye upepo inaweza kuishinda siku ya jua kali lililotulia. Alijua pia wakati wa kuyamwaga maji machungu yanayobaki juu ya chumvi, kabla hayajaiharibu. Mvua moja ya ghafla iliweza kuirudisha nyuma kazi ya wiki nzima, na jioni hiyo nyumbani hakuna aliyezungumza.

Sasa, mwalimu wa mjukuu wangu hakusema uongo. Kule Uvinza, mkoani Kigoma, wenyeji kwa karne nyingi walipata chumvi kwa kuchemsha maji ya chemchemi kwenye vyungu, na maji yale yaligeuka kuwa mvuke kama haya ya Nunge yanavyogeuka. Wale walilipa kwa kuni, mama yangu alilipa kwa siku. Katika kuchemka, mvuke unazaliwa mpaka ndani ya maji, ndiyo yale mapovu tunayoyaona yakipanda kutoka chini ya sufuria. Katika kuanikwa, maji yanaondoka kwenye uso wake tu, kidogo kidogo, kwa joto lolote lile, hata usiku, hata kivulini. Njia zote mbili ni za kweli. Mtoto ameandika jibu sahihi, tena ameliandika kwa neno alilolitoa mwenyewe kichwani, na amepata kosa.

Nilimwendea mwalimu huyo. Ni kijana mwenye adabu, ana wanafunzi zaidi ya 100 katika chumba kimoja. Alinisikiliza, akanionyesha mwongozo wa kusahihisha aliopewa pamoja na jaribio. Jibu lililoandikwa mle ni moja tu. Simlaumu yeye. Aliyetunga swali lile ndiye ninayemwomba aisome barua hii hadi mwisho.

Nimefikiri sana kwa nini shule zetu zimekwama kwenye birika na sufuria. Sababu mojawapo ni saa. Kipindi ni cha dakika 40. Maji ya birika yanachemka ndani ya kipindi, watoto wanaona "moshi", wanaandika, kengele inalia. Dimbwi halikauki kwa dakika 40. Kanga haikauki. Kitu kinachotokea polepole hakiingii kwenye ratiba, basi mwalimu anakisema kwa mdomo tu, na mtoto hakioni. Mimi niliacha kukifundisha ndani ya kipindi. Nilikianza asubuhi kwenye mstari na kukimaliza watoto wanapoondoka, au kesho yake, na kipindi chenyewe nikakifanya cha kuzungumza tulichokiona.

Sababu nyingine imo katika lugha yetu. Naipenda lugha hii na nimeifundisha, lakini hapa inamtega mtoto, na mwalimu asipoujua mtego hawezi kumtoa. Neno letu la kila siku ni kukauka. Kanga imekauka, kisima kimekauka, samaki amekauka. Tazama tunamzungumzia nani: kanga, kisima, samaki. Maji hayatajwi. Mtoto aliyekua na neno hilo ana habari za kilichobaki, hana habari za kilichoondoka. Halafu tunalo kuyeyuka. Barafu inayeyuka, sukari inayeyuka ndani ya chai, marashi yanayeyuka chupani, na fedha nazo zinayeyuka mfukoni. Mtu mzima anajua kila mahali pana maana yake. Kwa mtoto wa darasa la tatu ni mambo tofauti yaliyovaa kanzu moja. Niliwahi kuuliza darasani: nikiiacha chupa ya spiriti wazi, spiriti itakwenda wapi? Mtoto mmoja, hodari tu, akajibu, "Itayeyuka, iwe maji." Alikuwa anafikiria barafu.

Vitabu vina neno lake, uvukizaji, nami sina ugomvi nalo. Nilikuwa nikilileta mwishoni, watoto wakishaliona jambo lenyewe na kulitafutia jina. Ukilianza na neno, wanalikariri kama dua ya lugha wasiyoijua.

Nieleze nilivyofanya, huenda kuna mwalimu kijana atakayepata pa kuanzia.

Asubuhi za masika, mvua ikikatika na jua likatoka, nilichagua dimbwi moja dogo uwanjani na kumpa mtoto kipande cha mkaa kilichofungwa kwenye kijiti. Akachora kulizunguka dimbwi ukingoni. Wakati wa mapumziko mwingine anachora tena, na saa sita tena. Inatokea michoro mmoja ndani ya mwingine, kama pete za gogo lililokatwa. Kisha nawauliza: maji yamekwenda wapi? Karibu wote wanasema, "Ardhi imeyanywa." Jibu hili nawaomba walimu wasilipige fimbo. Lina ukweli, na mtoto amelifikiria. Mimi nilisema, "Haya, tuyaweke mahali pasipokunywa." Tukachukua sinia ya bati na kumimina kikombe kimoja cha maji. Kikombe kingine cha maji tukakimimina kwenye chupa ya soda. Vyote viwili tukaviweka juani barazani. Jioni sinia ilikuwa kavu, bati halikuwa limekunywa chochote, na chupa ilikuwa karibu na pale tulipoiacha. Hapo darasa lilinyamaza. Ukimya wa watoto wanaofikiri ni kitu ambacho mwalimu hukikumbuka hata akiwa kitandani miaka kumi baadaye.

Baada ya sinia na chupa, hawakuhitaji niwaambie kwamba uso mpana unaharakisha. Waliniambia wao.

Siku nyingine ilikuwa ya kanga. Mwenye duka jirani na shule alituazima mizani. Tulilowesha upande mmoja wa kanga, tukaupima ukiwa hata haujakamuliwa, ukazidi nusu kilo. Ulipokauka tuliupima tena, haukufika robo. Watoto wengine hawakuwahi kufikiri kwamba maji yaliyokauka yana uzito. Tukaendelea: kanga moja imekunjwa juani, nyingine imetandazwa juani, ya tatu imetandazwa kivulini penye upepo, kati ya madarasa mawili. Wote walibashiri ya kivulini itakuwa ya mwisho. Iliyokunjwa juani ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na bado ilikuwa mbichi katikati wakati ya kivulini ilikuwa imekauka. Siku hiyo "jua linakunywa maji" ilipata mshindani wake, upepo.

Kuna suala la rangi ya mvuke pia. Picha nyingi za kufundishia zinachora wingu jeupe juu ya birika na mshale ulioandikwa "mvuke". Mtoto akizoea hivyo, ataamini kwamba palipo na mvuke lazima aone weupe. Tazama mdomo wa birika linalochemka kwa nguvu, ukiwa mbali kidogo. Mara tu baada ya mdomo kuna nafasi fupi, ya upana wa kidole au viwili, ambamo huoni kitu. Mvuke wenyewe uko hapo. Weupe unaanza mbele yake, pale mvuke unapokutana na hewa baridi na kurudi kuwa vitone vidogo mno vya maji. Watoto wakae mbali, maana ule usioonekana unaunguza kuliko maji yenyewe. Baada ya hapo funua kifuniko cha sufuria ya wali na uwaonyeshe matone yanavyoning'inia chini yake. Hakuna mtoto wa Pwani asiyewahi kuyaona, ila hakuna aliyemwambia yametoka wapi.

Somo ambalo nililipenda kuliko yote lilitokana na swali la mtoto wa kike aliyekaa dirishani. "Mwalimu, kama maji ya mvua yanatoka baharini, mbona mvua haina chumvi?" Sikumjibu. Nilimwambia alete maji ya bahari kesho, akaja nayo kwenye kidumu. Tukaweka maji yale kwenye beseni, tukasimamisha kikombe kitupu katikati, tukafunika beseni kwa nailoni safi na kuikaza kwa kamba, kisha tukaweka kijiwe juu ya nailoni usawa wa kikombe ili ibonyee. Likashinda juani. Mchana nailoni ilikuwa imejaa matone kwa ndani, yakiteremka kuelekea kijiwe na kudondoka kikombeni. Yalipatikana maji machache, ya kulowesha ulimi tu. Yule mtoto ndiye niliyempa kwanza. Alionja, akanitazama, akasema, "Mwalimu, bahari imebaki chini!" Nimefundisha miaka 36 na sijasikia mtu akieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo.

Baridi nayo ni sehemu ya somo, na mara nyingi inasahaulika. Nilikuwa nikichovya pamba kwenye spiriti na kumpaka kila mtoto tone nyuma ya mkono, chupa ikiwa mikononi mwangu muda wote na jiko likiwa mbali. Wanaruka: "Inang'ata baridi!" Kisha tunaulizana. Spiriti haikutoka kwenye friji, baridi imetoka wapi? Kimiminika kinapoondoka kuwa gesi kinachukua joto, na hapa kimelichukua mkononi mwako. Mtungi wa bibi unapoza maji kwa njia hiyohiyo: udongo wake unavuja unyevu hadi nje, unyevu ule ukiondoka unaondoka na joto la maji yaliyomo. Mtoto aliyetoka kuoga na kusimama kwenye upepo akitetemeka, naye ni mtungi.

Mhariri, sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi, kwa sababu linavuka mipaka ya alama moja kwenye karatasi. Mwaka niliostaafu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, na watu wapatao 100 wakapoteza maisha. Sizungumzi kuwalaumu marehemu, Mungu awarehemu. Umaskini ulikuwepo pale, na mwenye njaa haangalii alama za hatari. Lakini nilipoitazama ile habari kwenye televisheni, nilikumbuka kila darasa nililopitia na kujiuliza ni wangapi niliowaambia waziwazi kwamba petroli haingoji kuchemka.

Haingoji. Hata kwenye baridi ya kugandisha maji, petroli inatoa mvuke wa kutosha kushika moto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi na kupotea. Unatambaa chini, unajaa kwenye mitaro na mabondeni, na hauonekani. Cheche ikitokea hatua kadhaa kutoka lilipo dimbwi, moto unaifuata njia ya mvuke mpaka kwenye dimbwi lenyewe. Sasa mchukue mtoto aliyefundishwa kwamba kimiminika hugeuka kuwa gesi kikichemka tu, na kwamba mvuke ni kile cheupe kinachoonekana. Msimamishe mbele ya petroli iliyomwagika barabarani, imetulia, haitoi povu wala moshi. Kwa alichokisoma, pale hakuna hatari yoyote. Na mtoto huyo kesho ataendesha bodaboda, atauza mafuta kwenye chupa kando ya njia, atamimina petroli kwenye jenereta ndani ya banda lililofungwa.

Ndiyo maana naona swali la saba lirekebishwe. Waliolitunga wanaweza kuongeza jibu la pili kwenye mwongozo, au walibadilishe kabisa na kuwauliza watoto: "Nguo ikikauka, maji yake yamekwenda wapi?" Swali hilo halijazwi kwa neno moja na litamchosha msahihishaji, najua, nimesahihisha karatasi nyingi kwa taa ya chemli. Lakini majibu yatakayokuja yatamwonyesha mwalimu kila mtoto amefika wapi.

Wengine wataniambia hatuna maabara. Katika yote niliyoeleza kuna sinia, chupa, kanga, mkaa, beseni, nailoni na kijiwe. Kilichokuwa kigumu kupata ni ruhusa ya kuwatoa watoto nje mara tatu kwa siku moja, na hiyo iko mikononi mwa walimu wakuu. Nawaomba waitoe.

Yule mwalimu kijana niliyemtaja ameshaipata. Wiki iliyopita alikuja nyumbani jioni, tukazungumza mpaka adhana ya isha. Ijumaa hii atalipeleka darasa lake Nunge kwa miguu, na ameniomba nifuatane nao. Nimekwenda tayari kuzungumza na wavunaji. Wamesema liko jaruba moja ambalo chumvi imeanza kushika siku hizi, na jirani yake lingine lililojazwa juzi tu, kwa hiyo watoto wataona mwanzo na mwisho wakiwa wamesimama mahali pamoja. Wazazi wa watoto hao, kama mnasoma gazeti hili, naomba muwape kofia au mtandio na chupa ya maji ya kunywa. Kule hakuna kivuli.

Mwalimu mstaafu,
Bagamoyo, Pwani